Malkia wa Katuni Aliyeposwa Makere

Mara ya kwanza kufanya biashara na Nsengimana, alinipiga bao. Alikuja kwangu Makere asubuhi ya gulio, mrefu, mwembamba, koti la suti juu ya fulana ya kwaya, kofia mkononi. Wakati huo nilikuwa nauza bati zilizotumika, zile zinazong'olewa kwenye maghala ya miradi yanapovunjwa. Alisimama mbele ya rundo bila kuligusa, akaanza kunipa habari za mvua. Hakusema paa lake linavuja. Alisema mvua ya mwaka huu ni mgeni asiyepiga hodi, na kwamba mkewe Esteri analala na sufuria pembeni ili mgeni asikose pa kukaa. Nikacheka. Akahamia kwenye bati zangu, akaanza kuzisifia moja moja, kutu ya hii, kovu la ile, kama mtu anayesifu ng'ombe wa baba yake. Nilipokuja kushtuka, bati zilikuwa zimefungwa kwenye baiskeli yake na mimi mkononi nina ahadi ya maharage ambayo shambani yalikuwa bado maua.

Maharage aliyaleta, tena safi. Lakini mimi sikopeshi mtu, Makere nzima inalijua hilo, na huyu nilimkopesha huku nacheka. Basi sikujilaumu. Nilijiuliza tu: mdomo ule unafanya kazi kwa nani?

Nikaulizia. Nikaambiwa ni mshenga. Kwetu huku juu, mshenga si mtu wa kupeleka barua ya posa na kurudi. Ni msemaji. Pande mbili zinakaa, mtungi wa urwarwa, pombe yetu ya ndizi, katikati, na kila upande una mtu wake wa kusimama na kusema. Hakuna kinachotajwa kwa jina lake. Binti anaweza kuwa mbegu, au kisima, au mtamba. Msemaji wa upande wa binti anapinga, anadhihaki, anazuia njia. Wa upande wa kijana anapita katikati ya maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Akikwama, kijana harudi na mke. Nsengimana hakuwa amekwama hata mara moja. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Yeye ni raia, analima mihogo na maharage, na kwa miaka mingi amewasemea watoto wa watu kuanzia Kasulu hadi Kakonko. Malipo yake yalikuwa nyama, bia na asante. Alipokuja kwangu alikuwa tayari ana sura ya mtu aliyekaa kwenye sherehe nyingi mno za wengine.

Mimi nilikuwa na banda la video lililokuwa linakufa. Mpira watu wanaangalia kwenye simu. Filamu zilizotafsiriwa na wale wa Dar kila kijana anazo mfukoni. Nilihitaji kitu ambacho hakipo kwa mwingine, na kitu hicho nilikipata kwa Saady, kijana mwenye kibanda cha kuingiza filamu kwenye flashi pale stendi ya Kasulu.

"Mama Winnie, ninayo katuni ya Wajapani," aliniambia. "Haijatafsiriwa na mtu. Lakini nikutahadharishe, si ya watoto."

"Katuni isiyo ya watoto?"

"Ilianza kama gemu la kompyuta. Gemu la watu wazima tu. Wewe ndiye shujaa, una jeshi, una mapango, majoka, watu wenye masikio marefu, na malkia wa kila aina. Unachagua vita gani upigane na malkia gani umwoe, na kila ukichagua, hadithi inashika njia yake. Lilipopendwa, wakalitengenezea katuni. Katuni imefuata njia moja tu."

"Na hayo ya watu wazima?"

"Yamepunguzwa." Akajikuna shingo. "Hayajaisha. Yamepunguzwa."

Nikaona shida yangu na dawa yake viko mahali pamoja. Banda langu linajaa siku ya gulio, alasiri, na wanaokuja ni mchanganyiko: mama mkwe anakaa benchi moja na mkwewe, shemasi anakaa nyuma ya muuza pombe. Watu hao hawawezi kutazama jambo la chumbani pamoja. Lakini kama yupo mtu mmoja nchi hii anayeweza kulipitisha jambo la chumbani mbele ya mama mkwe bila mtu kuinamisha kichwa, ni mshenga.

Nilimkuta Nsengimana shambani. Alisikiliza akiwa ameegemea mpini wa jembe.

"Kijapani sikijui, mama Winnie."

"Wanaotazama nao hawakijui."

"Na huyo mwanamume wa kwenye picha, anatafuta nini?"

"Ufalme. Na mwanamke."

"Basi namfahamu," akasema.

Tukapatana nimlipe kwa bati, kila gulio atakalosema, hadi nyumba yake iishe. Yeye alitaka na misumari. Nikamwambia misumari ajitafutie. Akasema bati bila misumari ni kama posa bila bia, upepo ukija kila mtu anabeba chake. Nikatoa misumari.

Watoto niliwapiga marufuku; mlangoni nilimweka shangazi yangu, ambaye ngumi yake ilijulikana. Kabla ya kila onyesho Saady alikaa na Nsengimana, akimsimulia kwa kifupi kilichoandikwa kwa Kiingereza chini ya picha. Kilichobaki alikitoa mwenyewe. Alisimama kando ya skrini na kofia yake mkononi, sauti ya spika nimeipunguza, akasema.

Kulikuwa na shujaa wa deraya nyeusi, mamluki aliyejitafutia nchi yake. Nsengimana alimwita Mwana wa Njiani. Kulikuwa na malkia wa mashetani, mwanamke mzima, mwenye pembe mbili na joho refu, anakaa juu ya mlima kwenye ngome ambayo jua haliifikii. Huyo alimwita Mwenye Mlima, na hakumdhihaki hata siku moja. Zile pembe alizieleza kuwa ni taji la ukoo wao. Majoka yalikuwa walinzi wa zizi. Na yale yaliyopunguzwa bila kuisha yalipofika, nguo zikaanza kulegea na ukungu wa Wajapani ukaanza kutanda pale wanapoutandaza, hakunyamaza wala hakukohoa.

"Hapa wenye nyumba wamefunga mlango," alisema. "Sisi tuliolelewa tunahesabu miti ya paa. Mama Sele, kwako imebaki mingapi?"

"Naona kama mmoja umeliwa na mchwa!" akajibu mama Sele, na banda likapasuka kwa kicheko, mama mkwe na mkwewe wote wanatazama juu. Walipoteremsha macho, Mwana wa Njiani alikuwa tayari juu ya farasi.

Watu walianza kuja kutoka mbali. Walikuja wachuuzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu siku walizopata kibali, wakulima wa vijiji vya juu, na mama mmoja aliyekuwa anasali sana akaniambia hii ndiyo video ya kwanza isiyomtia aibu. Sikumweleza ilikotoka.

Nsengimana naye alizidi kuchakaa. Msimu wa harusi ulikuwa umeanza. Jumamosi anasema harusini, katikati ya wiki anasema kwangu, na palipotokea msiba walimwita pia, maana mwenye mdomo haulizwi kama amechoka. Sauti yake ikawa na mchanga ndani. Nyumba yake iliisha kuezekwa, nikadhani ataacha. Hakuacha. Alisema nimlimbikizie malipo, kuna kazi inakuja.

"Kazi gani?"

"Niyongabo."

Niyongabo ni mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Alikuwa fundi bomba kambini Nduta, na huko Kibondo alikuwa amempata binti mshona nguo, jina lake Ange. Posa ilikuwa ifanyike baada ya mavuno.

"Nimewasemea watoto wa watu, mama Winnie. Huyu ndiye wangu. Baada yake nataka kukaa kwenye kigoda na mimi nisemewe, hata kama ni kuombewa chumvi tu."

Basi likaja gulio lile. Sehemu ya siku hiyo ilikuwa ya Mwana wa Njiani kupanda mlimani kumtaka Mwenye Mlima. Kwenye katuni yenyewe ni jambo fupi: anaweka upanga chini, malkia anacheka, mabwana wa ngome yake wenye mabawa wananung'unika. Mtu anatakiwa alijaze kwa maneno. Na Nsengimana alikuwa ametoka msibani alfajiri, hajalala, macho mekundu. Nilimwona anatafuta neno la kubuni na halipo. Sasa mdomo uliochoka hufanya kama punda aliyechoka: hushika njia anayoijua.

Akavua kofia. Akawasalimu mabwana wa ngome kama anavyosalimu wazee. Akataja nyumba aliyotoka, akataja moshi aliouona kwa mbali, akaomba maji, akakataliwa, akaomba kivuli, akasema amesikia hapa kuna mbegu isiyopandwa ovyo. Ilikuwa posa kamili. Sikuwahi kumsikia akiisema pale bandani, na benchi zote ziliitambua.

Kisha mwanamume mmoja, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Kibondo aliyekuwa amekaa mbele, akajibu kwa upande wa binti.

"Mgeni, mbegu unayoitaja ni ya mlimani. Wewe wa njiani utaipanda wapi, kwenye nyayo zako?"

Watu wakapiga makofi. Nsengimana akageuka, akamjibu. Mama Sele akaingia upande wa malkia, akadai ng'ombe wenye pembe kushinda za bibi harusi. Shemasi akaingia upande wa shujaa. Skrini ilikuwa imeshahamia kwenye vita vingine, hakuna aliyeitazama. Mwisho mnunuzi wa ng'ombe akasimama akasema, "Tumekupa." Muuza pombe akasogeza mtungi katikati, mirija ikatiwa, upande huu ukanywa na upande ule ukanywa. Nsengimana akainama akanywa. Nadhani alikuwa na kiu tu.

Vijana walirekodi kwa simu. Kufika Jumapili ilikuwa imezunguka magrupu yote ya WhatsApp hadi Kakonko. Mimi nilifurahi, ni tangazo ambalo sikulilipia.

Siku ya posa ya Niyongabo niliwapeleka Kibondo kwa kenta yangu, kwa kuwa nilikuwa nafuata maharage huko. Wazee nyuma, dumu za urwarwa katikati yao, Nsengimana mbele nami, amefunga shingo kwa skafu ya Esteri ili asiimalizie sauti njiani. Niyongabo alivaa suti ya kijivu.

Upande wa Ange alisimama Kipriani. Mfupi, tumbo mbele, mshenga wa Kibondo ambaye Nsengimana alikuwa amemshinda mara nyingi. Mimi nilikaa na wanawake, lakini masikio hayakai upande.

"Mwakeye, wenye nyumba," Nsengimana alianza, akiwasalimu kwa lugha ya kwao. "Tulikuwa tunapita, tukaona moshi unapanda umenyooka. Tukasema hapa wanajua kuwasha moto."

"Mliona moshi, au mlisikia harufu ya nyama?" akadakia Kipriani. "Tunawajua watu wa Makere. Pua zenu zilifika tangu jana."

"Pua ilitangulia kuomba njia. Miguu imekuja na adabu, na dumu."

"Dumu tumeliona. Adabu bado tunaitafuta."

Watu walicheka, na nikaona Nsengimana anaanza kupata joto, mabega yanashuka mahali pake. Ndipo Kipriani akasogea karibu, akalainisha sauti.

"Mgeni wetu, kabla hujataja kilichokuleta. Kuna mama mmoja tunamuulizia. Ana pembe."

Kicheko kikubwa. Kipriani akatoa simu kwenye mfuko wa koti, akaiinua juu. Sauti ya Nsengimana ikatoka humo, ya mchanga, ikiomba maji, ikiomba kivuli.

"Huyu ni mwanamume aliyeposa kule Makere," Kipriani akasema. "Kaposa kwa maneno yote, hakubakisha. Kapewa. Sasa sisi tunauliza kwa wema: mke yuko wapi? Umemleta? Ng'ombe wamefika mlimani? Au umemwacha na masanduku yake barabarani, ukaja kuomba mwingine kwa mdomo uleule?"

Watu walikuwa wanajipiga mapajani. Ilikuwa dhihaka ya kawaida, kali, lakini ya kawaida. Kazi ya mshenga ni kuikwepa na kurudisha. Kisha baba mkubwa wa Ange, mzee aliyekuwa hajacheka tangu tufike, akauliza swali moja.

"Alikunywa?"

Kipriani akaangalia simu. "Alikunywa, mzee. Huyu hapa, anainama."

"Basi mnacheka nini?"

Kicheko kikafa. Mzee alieleza polepole, bila hasira. Maneno yale si ya mtu. Yakisemwa na yakanywewa, yamefunga kitu. Wewe hujui yamefunga nini, lakini yamefunga. Mdomo wenye posa iliyo wazi hauwezi kufungua nyingine katika nyumba hii. Akamtazama Nsengimana. "Una la kusema?"

Nilimtazama na mimi. Nilishamwona akitoka kwenye mashimo mabaya kuliko hilo. Safari hii alirudisha kofia kichwani. Akakaa chini.

Mshenga anayekaa bila kuambiwa akae ameshindwa. Hata watoto waliokuwa wanachungulia kwenye ua walilijua hilo. Niyongabo akainamisha kichwa.

Nje, kwenye kenta, nilimuuliza kwa ukali. "Kwa nini hukusema ni picha? Mwanamke wa kuchorwa! Wajapani wamemchora!"

"Ningesema ni picha," akajibu kwa sauti ya chini, "Kipriani angeniuliza: na maneno, nayo yalikuwa picha? Ningemjibu nini, mama Winnie?"

Nikaona hapo hamna biashara. Nikamfuata Kipriani, aliyekuwa anajizuia kutabasamu kando ya jiko la nje.

"Kaka Kipriani, umekula vizuri leo."

"Sijala bado, dada. Nangoja wageni mrudi nyumbani."

"Mnataka nini?"

"Rahisi. Mna wazee kwenye gari. Asimame mwingine yeyote, hata kigugumizi. Mzee ametuambia, binti anatolewa leo leo. Kinachokataliwa si kijana. Ni ule mdomo."

Kwa hesabu zangu hiyo ilikuwa bei nzuri. Niyongabo anapata mke, wazee wanakula, mimi napakia maharage yangu, na Mwenye Mlima anabaki bandani Makere akiniletea watu. Nikaipeleka kwenye kenta kama nilivyopewa.

Nsengimana alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa amekubali kweli. "Asimame mzee Daniel," alisema. "Kijana asilale bila mke kwa sababu yangu."

Niyongabo ndiye aliyekataa. "Baba mdogo, mimi sichukui mke kwa mdomo wa Daniel. Nitangoja."

"Utangoja nini? Binti wa watu atachoka."

"Nimemuuliza kwa simu sasa hivi. Kasema naye atangoja. Kasema ila wewe uharakishe."

Nikarudi jikoni. Ilinibidi nianze mwanzo, na safari hii bila furaha, kwa kuwa bei ya pili niliiona kabla haijatajwa. Kipriani aliitaja: posa iliyofunguliwa ifungwe. Nsengimana amrudishe yule malkia palepale alipomposea, mbele ya walewale, kwa maneno ya kurudisha mke, na upande wa malkia uwepo kumpokea.

"Malkia hana ndugu," nikasema.

"Nitakuwa mimi."

"Utataka mbuzi."

"Ndugu wa bibi harusi aliyerudishwa hapokei kwa mikono mitupu."

"Utapata mtungi. Na gari la kukuleta na kukurudisha, kiti cha mbele."

"Na mbuzi."

"Kaka Kipriani, mtu aliyemshinda Nsengimana atakuwa anaitwa kwenye harusi ngapi mwaka huu? Mbuzi wako wanakuja wenyewe. Mimi nakupa banda lililojaa watu wa Makere wakikuona unampokea malkia."

Akafikiri. Akachukua mtungi na kiti cha mbele.

Gulio lililofuata sikuhitaji kutangaza. Banda lilijaa hadi watu wakachungulia kwenye nyufa za mbao, na mlangoni shangazi hakumsamehe mtu kiingilio. Saady aliisimamisha picha pale malkia anapotazama mbele, pembe zake zimegusa juu ya skrini. Kipriani alikaa chini yake amevaa tai.

Maneno ya kurudisha mke ni machache, na hayapambwi. Msemaji anataja siku aliyopewa, anawataja waliokuwepo, anasema amemleta. Nsengimana aliyasema wima, kofia mkononi. Mnunuzi wa ng'ombe alikuwepo, akakiri alimtoa. Mama Sele alikiri alidai ng'ombe. Hakuna aliyecheka, na mimi nilikuwa nimetegemea watacheka.

Kipriani akauliza lile linaloulizwa. "Kosa lake?"

Nsengimana akageuka akaitazama ile picha.

"Nimemsemea tangu masika," akasema. "Nimemsemea nikiwa na homa, nimemsemea nikitoka kuzika. Hajanisikia hata mara moja. Hilo si kosa lake. Nimechoka tu."

Kipriani alikuwa ameandaa dhihaka, niliiona mdomoni mwake. Akaimeza. "Tumempokea," akasema. Wakanywa, kila mmoja kwa mrija wake, mitungi miwili, kama inavyokuwa watu wanapoachana. Mama mmoja nyuma akapenga kamasi.

Wiki iliyofuata niliweka sehemu mpya. Malkia akatokea, maana kwenye katuni ile haondoki. Ndiye katuni yenyewe. Kelele zikaanza. "Huyo si amerudishwa? Anafanya nini kwa mwanamume?" Nikamtazama Nsengimana aseme neno. Akasema hawezi kumsemea mwanamke wa watu. Saady akajaribu kusoma yale maandishi ya chini na kuyatafsiri yalivyo, na yalipofika yale yaliyopunguzwa, mama mkwe mmoja akasimama akatoka, na nyuma yake benchi zima. Nikazima jenereta kuokoa mafuta.

Saady aliniambia kwenye lile gemu lenyewe wapo malkia wengine wengi, tungeweza kutafuta. Nikamwambia aliyemrudisha wa kwanza hatamsemea wa pili. Banda nikaling'oa benchi, nikaweka maharage. Maharage hayahitaji msemaji, lakini hayamchekeshi mtu pia, na faida yake ni nyembamba.

Posa ya Niyongabo ilifanyika. Nsengimana alisema kwa ufupi, sauti imekwisha, Kipriani akampisha pale ambapo zamani angemzuia, na baba mkubwa wa Ange ndiye aliyeonja wa kwanza. Niyongabo na Ange wanaishi karibu na Nduta. Cherehani ya Ange inasikika hadi barabarani. Hilo Nsengimana alilitaka na alilipata, na hakuna mtu anayeweza kulichukua.

Ila ile siku ya kurudisha nayo ilirekodiwa. Na hii ilisambaa kuliko ya kwanza. Watu waliitazama, wakakubaliana kwamba hawajawahi kuona mwanamke akirudishwa kwa heshima namna ile, bila tusi, bila kulaumu. Basi wakaanza kumjia. Mwenye ndoa iliyovunjika Kasulu, mwenye mwana aliyeshindwana na mkewe kule Kakonko. Wanaooa hawamwiti tena. Nani atamweka mwanzoni mwa ndoa mtu anayejulikana kwa kuzimaliza? Kipriani ndiye anayeitwa sasa, na amenenepa. Nsengimana anajaribu kukataa kazi zile, lakini mwanamke yupo pale na sanduku lake, na asipokwenda yeye atapelekwa na mtu wa matusi. Anakwenda.

Juzi alipita kwangu jioni, miguu ina vumbi la mbali. Alikuwa anatoka Gwarama kumrudisha binti wa watu kwa wazazi wake. Nilimpa kiti. Nikamuuliza kama wamemlipa, akapunga mkono. Nikamuuliza kama angalau wamempa chakula.

"Mama Winnie," akasema, "nyumba inayorudishiwa binti haipiki."

Nikampakulia.